Ndengu Namba Saba na Programu Niliyoifuta

Siku ile sijaisahau, mwanangu, na si kwamba ilikuwa siku njema. Ni siku niliyofika Gachoka na sanduku la disketi mapajani, sketi imepigwa pasi ikanyooka, nikiwa na hakika kwamba kabla ya saa kumi jioni nitakuwa nimenyoosha kila kitu. Nilikuwa na umri kama wako. Nilikuwa pia na mdomo kama wako, na usikatae, baba yako ananiambia.

Nakuandikia kwa sababu ya yale uliyonieleza kwenye simu Jumapili baada ya kanisa. Ulisema mradi wenu wa utafiti una watu wa vyuo vitatu, na mmekwama. Wewe unataka kila mtu aweke kwenye kompyuta yake programu zile zile, toleo lile lile, mipangilio ile ile, ili matokeo yafanane. Wenzako wanataka kila mmoja abaki na mashine yake jinsi ilivyo, na programu ndizo ziandikwe vizuri ziweze kuhama kutoka mashine moja hadi nyingine bila kugoma. Ukaniuliza, "Shangazi, si mimi ndiye niko sawa?" Nikanyamaza mpaka ukadhani simu imekatika. Haikuwa imekatika. Nilikuwa namkumbuka Mzee Namu.

Kompyuta za siku hizi sizijui. Hii simu yenyewe ni mtoto wa jirani hapa Runyenjes anayenisaidia ikigoma. Lakini huo ugomvi wenu naujua, maana sisi nasi tuligombana hivyo hivyo kabla hujazaliwa, na ulinigharimu kitu ambacho sijawahi kukirudisha.

Nilikuwa nafanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo Embu. Msichana wa Laare kule Meru, binti wa mkulima wa miraa, niliyesomeshwa na miti ambayo hata kuigusa sikuruhusiwa, kwa sababu kwetu miraa ilikuwa kazi ya wanaume. Nilikuwa wa kwanza kituoni kujua kompyuta sawasawa, na nilihakikisha kila mtu anajua kwamba mimi ndiye wa kwanza. Niliandika programu ya kupokea uzito wa mavuno ya kila ploti, yaani kila kipande cha shamba la majaribio, na kupanga ni aina gani ya mbegu imezaa zaidi. Ilikuwa nzuri kweli. Hata leo nikiifikiria naona raha kidogo, Mungu anisamehe.

Utafiti wenyewe ulikuwa wa pamoja. Sisi Embu na wenzetu wa Meru tulijaribu aina za maharagwe, na kituo kidogo cha Gachoka, kule chini Mbeere kwenye joto, kikajaribu aina tisa za ndengu, kwa sababu maharagwe hayastahimili jua la huko. Mwisho wa msimu kila kituo kilileta hesabu zake tuziunganishe. Hapo ndipo tabu ilipoanzia. Hesabu za Gachoka ziliandikwa na programu aliyoitunga Mzee Namu mwenyewe, na mashine yetu haikuweza kuzifungua. Msimu mmoja nilikaa wiki tatu nikinakili tarakimu moja moja kutoka kwenye karatasi alizochapa, mpaka macho yakawa yanatoka machozi. Kwa hivyo usidhani nilikuwa mjinga tu. Nilikuwa na sababu, na ilikuwa sababu nzuri, kama yako.

Mkubwa wetu, Daktari Kinoti, akachoka. Akaniita ofisini akaniambia, "Karwitha, zunguka vituo vyote uweke programu moja. Weka yako. Mimi nataka faili ikifunguliwa, ifunguke." Nilitoka mle ofisini karibu niruke. Programu yangu, vituo vyote!

Sasa Mzee Namu. Alikuwa msaidizi wa majaribio pale Gachoka, makamo ya baba yangu, mtu mrefu aliyevaa koti la kahawia hata jua likiwaka. Chuo hakuwahi kwenda. Kompyuta alijifunza kutoka kwa vitabu viwili vilivyoachwa na mgeni mmoja, akavisoma mpaka majalada yakatoka. Nilipoingia alikuwa amepangusa meza na kuweka vikombe viwili.

"Karibu, mwari," akasema. Mwari kwao, kama kwetu, ni binti. "Kaa kwanza. Chai iko kwa thamosi."

"Asante mzee, lakini gari inaningoja."

Gari halikuwa likiningoja. Dereva alikuwa ameenda kutafuta asali ya Mbeere ampelekee mkewe. Nilisema vile ili nionekane mtu wa shughuli.

"Hii programu yangu," Mzee Namu akasema polepole, "iko na vitu fulani inafanya. Hiyo yako inajua hizo vitu?"

"Mzee, yangu inafanya kila kitu. Na sasa vituo vyote vitakuwa sawa."

"Sawa na nani?"

Niliona ni swali la mtu mzima anayeogopa mabadiliko, nikatabasamu jinsi nyinyi vijana mnavyotabasamu mkiwa na sisi. Mashine yake ilikuwa na nafasi ndogo, kwa hivyo ili yangu iingie, yake ilibidi itoke. Ningeweza kumuuliza kama ana nakala. Ningeweza kuinakili mimi mwenyewe kwenye moja ya disketi nilizobeba, na zilikuwa ishirini. Sikumuuliza, mwanangu, na sikuinakili. Niliifuta. Yeye alisimama mlangoni amenipa mgongo, akitazama ploti zake, mpaka mashine iliponyamaza. Akaja akajimiminia chai. "Basi," akasema, akanywa.

Mvua za vuli zikaja, zikaisha mapema kama kawaida ya kule. Ndengu zikavunwa. Disketi ya Gachoka ilipofika Embu niliiingiza, na faili ikafunguka papo hapo. Daktari Kinoti alinipongeza mbele ya watu. Nilipanga matokeo ya vituo vyote mchana mmoja, kazi iliyokuwa ikichukua mwezi. Katika zile aina tisa za ndengu, namba saba ikawa ya mwisho, tena kwa mbali.

Ujue ya mwisho maana yake ilikuwa nini. Ijumaa hiyo kulikuwa na mkutano wa kuchagua. Aina zilizofaulu zingeongezewa mashamba, na zilizoshindwa zingeondolewa kabisa, hata ile mbegu kidogo iliyobaki stoo itolewe kupisha nyingine. Ya namba saba ilibaki kopo moja tu. Mavuno ya majaribio yote yalirudi kituoni yapimwe, kisha yakachanganywa na kuuzwa, wakulima hawakubaki nayo ya kupanda. Namba saba ikikatwa Ijumaa, ingekuwa ndio mwisho wake.

Ilikuwa desturi yetu kuwasomea wakulima matokeo kabla ya mkutano. Jumatano nikateremka Gachoka na karatasi zangu. Akina mama kama kumi hivi walikaa kwenye mabenchi mbele ya ghala, na mbele kabisa alikuwa Mama Igoki, ambaye majaribio yalifanywa kwenye shamba lake. Kabla ya msimu huo mama huyo alikuwa amepanda misimu miwili mfululizo bila kuvuna kitu, na watoto wake watano walikuwa wakila kwa ndugu. Nikasoma kuanzia juu. Nilipofika chini nikasema, "Na ya mwisho kabisa, namba saba."

Wakacheka. Walidhani nawatania. Walipoona sicheki, wakatazamana.

"Namba saba ya mwisho?" Mama Igoki akauliza. "Hiyo yenye tulichuma mpaka tukachoka? Mwari, angalia tena."

"Nimeangalia, mama. Ndivyo kompyuta inasema."

"Hiyo kompyuta ilichuma na nani?"

Wenzake wakacheka tena, lakini yeye hakucheka. Akasimama. "Zile zingine zilitoa mara moja, zikakauka, zikaisha," akasema. "Hii ikichumwa, mvua ikinyesha hata kidogo inachanua tena. Mimi hiyo ndiyo nataka. Nimengoja hiyo. Sasa mnaenda kutupa?" Nikaona aibu bila kujua bado aibu ni ya nini.

Mzee Namu alikuwa ameketi pembeni. Akaninyooshea mkono, nikampa karatasi. Akaisoma muda mrefu, kidole kikienda mstari kwa mstari, kikasimama kwenye namba saba.

"Hii ni mchumo wa mwisho," akasema.

Nikamuuliza ana maana gani. Akanieleza, na alinieleza kwa upole, afadhali angenigombeza. Ndengu haziivi zote pamoja kama maharagwe. Maganda ya chini yakikauka, ya juu bado ni maua. Kwa hivyo kule Mbeere huchuma, husubiri, huchuma tena. Yeye alipima kila mchumo na kuuingiza kwenye kompyuta, kama alivyofanya miaka yote, na programu yake ya zamani ilijumlisha. Yangu haikujumlisha. Mimi niliijua Embu, ambako maharagwe yakiiva unang'oa shina zima, unapura, unapima, umemaliza. Programu yangu ilijua ploti moja ina uzito mmoja. Ukiiletea uzito wa pili, iliuandika juu ya ule wa kwanza kimya kimya bila kukuuliza. Zile aina zilizochumwa mara moja hazikupoteza kitu. Namba saba, iliyochumwa mara nne, ilibakiwa na kile kiganja cha mwisho.

"Kwa nini hukuniambia, mzee?" nikamuuliza, na nilijua jibu kabla sijamaliza swali.

"Nilikuambia kuna vitu inafanya. Ukaniambia yako inafanya kila kitu. Mimi nikaamini." Akakunja karatasi. "Mwari, wewe si umetoka Laare? Mti wa miraa, baba yako anachuma mara moja alafu anang'oa?"

Mwanangu, sijawahi kupigwa na maneno vile. Nimezaliwa kwenye miti inayochumwa, ikaachwa ichipue, ikachumwa tena, mwaka baada ya mwaka. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye mchumo wa pili na wa tatu na wa ishirini. Babu yako angeniambia jambo hilo mezani bila hata kuinua kichwa. Na mimi nikaenda nikaandika programu kana kwamba hakuna mmea duniani unaotoa mara mbili. Nililia pale pale mbele ya akina mama. Mama Igoki akanipa kona ya leso yake nijifute, akaniambia, "Wacha kulia. Kazi iko."

Kazi ilikuwepo kweli. Ilikuwa Jumatano, mkutano ni Ijumaa, na programu iliyojua kujumlisha nilishaifuta mwenyewe. Bahati yetu Mzee Namu hakuwa mtu wa kuamini mashine peke yake. Kila mchumo alikuwa ameuandika kwa penseli kwenye karatasi yake. Alhamisi kutwa nzima tulikaa ghalani, yeye anasoma, mimi naandika na kujumlisha, ploti baada ya ploti. Safari hiyo alipomimina chai, nilikunywa. Tulipomaliza, namba saba ilikuwa ya pili kutoka juu.

Ijumaa nikasimama mkutanoni. Nikawaambia matokeo ya Gachoka yaliyo mbele yao si ya kweli, nikawapa mapya, nikaeleza kwa nini. Daktari Kinoti akavua miwani. "Nani aliondoa programu ya Gachoka bila kuweka nakala?"

"Mimi, Daktari."

Ndipo Mzee Namu, niliyekuja naye kutoka Gachoka, akainuka nyuma kabisa na koti lake la kahawia. "Daktari, hata mimi nilikosa," akasema. "Ile programu nilitengeneza ya mashine yangu peke yake. Hakuna mtu angeweza kuitumia kwingine, hata huyu msichana akitaka. Kama ningekufa, ingekufa na mimi. Hiyo si kazi ya kusifu."

Hakulazimika kusema hayo. Angekaa kimya angeonekana yeye ndiye mwenye haki, na haki alikuwa nayo. Alichagua kusimama upande wangu, na tangu siku hiyo nilimpenda kama baba. Namba saba haikukatwa. Msimu uliofuata Mama Igoki alipewa mbegu, na nilipopita kwake baadaye alinipikia ndengu nikala sahani mbili, naye akanikumbusha kwamba hizi ndizo za mwisho kabisa. Hakuwahi kuacha kunitania hivyo.

Baada ya hapo mimi na Mzee Namu tuliandika programu upya. Kila Jumanne niliteremka Gachoka. Tuliiandika isitegemee mashine ya mtu yeyote, tukaijaribu kwangu Embu, tukaijaribu Meru, tukaijaribu kwenye ile mashine yake kuukuu, na ilipogoma mahali tuliirekebisha mpaka ikakubali. Kisha tukaketi na watu wa vituo vyote, tukakubaliana jambo moja tu ambalo lazima lifanane kila mahali: namna ya kuandika hesabu zenyewe, ploti gani, tarehe gani, mchumo wa ngapi, uzito gani. Hilo halikuwa la kuchagua. Mengine kila kituo kilibaki na utaratibu wake. Na kabla ya kukubaliana hayo nilizunguka kwanza kuwauliza watu wanavuna vipi. Meru nako nilikuta mambo nisiyoyajua, tena karibu na kwetu.

Lakini sikiliza hili, maana ndilo lililonifanya ninyamaze kwenye simu. Siku tuliyomaliza ile programu mpya, Mzee Namu aliitazama, akaridhika, kisha akakuna kichwa. "Kuna kitu ingine ile ya zamani ilikuwa inafanya," akasema. "Mambo ya mwaka wa ukame. Niliweka kitambo sana. Nimesahau ni nini." Akafikiri, akashindwa. Kila tulipokutana baada ya hapo, hata alipostaafu, hata nilipomtembelea akiwa kitandani, nilimuuliza kama amekumbuka, na yeye aliniambia bado, kwa kucheka, kunifariji mimi. Alikufa bila kukumbuka. Miaka yote ile ya ukame mtu mmoja aliona jambo shambani, akaliandika, na mimi nikalifuta kwa dakika tano kwa sababu sikutaka kuketi ninywe chai. Sitajua kamwe lilikuwa nini. Bado linaniuma.

Basi uliniuliza kama wewe ndiye uko sawa. Uko sawa nusu, na wenzako nusu. Usimchukie mwenzako kwa kuwa mashine yake haifanani na yako, na wala usimwachie tu kila mtu afanye lake kisha mshangae matokeo yakikataa kuunganika. Kaeni mkubaliane vitu vichache ambavyo lazima viwe sawa kwa wote, na viwe vichache kweli. Programu zenu ziandikeni ziweze kutembea, na mzijaribu kwenye mashine ya yule aliye mbali zaidi, mwenye kifaa duni zaidi, kabla hamjajisifu. Usifute kazi ya mtu kabla hujaweka nakala, hata kama unaiona ya kizamani, hata kama mkubwa wako amekutuma. Na zaidi ya yote, mwanangu, kabla hujaweka chochote kwenye kompyuta ya mtu, muulize kazi yake anaifanyaje, kisha nyamaza amalize kujibu. Akikwambia kuna vitu programu yake inafanya, mwambie akuonyeshe kimoja kimoja. Wapigie wenzako wiki hii, uwaulize, usiwahutubie.

Kwetu mtu mzima akikubariki hukutemea mate kidogo kifuani, na simu haibebi mate, kwa hiyo pokea kwa maneno. Mungu akupe akili, nayo unayo tayari, na akuongezee subira, maana hiyo hukupewa ya kutosha, na mimi najua upungufu huo ulikoutoa. Akuweke na watu watakaokukosoa kwa upole, na akupe moyo wa kukubali makosa yako mbele yao. Popote utakapoingia kufanya kazi, ukute wamekuwekea kikombe, na uketi.